Cheti cha Ng'ombe cha Bi Arafa

Bi Arafa wa Chula, kisiwa cha pwani ya Somalia, Mungu amrehemu, alikuwa na mbuzi watano, kishamba cha kunde nyuma ya nyumba, na mtoto mmoja, Adnan, aliyempigia simu kutoka Mombasa kila Ijumaa kumwambia ahame. Kunde zilipoungua majani mwaka wa tatu mfululizo, Adnan alikata shauri.

"Mama, msimu huu zisipotoka, nakuja kukuchukua. Chumba kipo."

"Chumba ghorofa ya nne! Nikafuge nini huko, mende?"

Lakini aliogopa. Mbegu zilizobaki zilitosha kupanda mara moja tu. Basi aliposikia kuna shirika linafundisha wakulima kule Kismayo malisho, hesabu za shamba na afya ya udongo, siku tatu, chakula bure, alipanda boti akaenda.

Alhamdulillahi, elimu ilikuwa nyingi. Mwalimu Abdulhamid, kijana nadhifu mwenye viatu ambavyo havijawahi kukutana na samadi, aliwaonyesha ukutani picha za ng'ombe wanene kuliko ile boti. Akafundisha kugawa malisho mafungu manane, kila fungu ekari hamsini, ili majani yapumzike.

"Mwanangu," Bi Arafa akanyoosha mkono, "kwetu fungu la pili liko baharini."

Watu wakacheka. Abdulhamid akaandika ubaoni: changamoto.

Siku ya pili kila mtu alipewa daftari la kuandikia faida. Bi Arafa, aliyeogopa kuulizwa uongo mbele ya Mola wake, aliliacha jeupe. Siku ya tatu ukaja udongo. Akauliza kwa nini kunde zake zinaungua kuanzia nchani. Akaambiwa apeleke udongo maabara. Maabara iko wapi? Nchi nyingine.

"Si mbali kwa ndege," Abdulhamid akamtuliza.

Heri mashirika hayajafuta chakula cha mchana. Kwenye pilau alikaa na Safiyya, mkulima wa kando ya Mto Juba, ambaye Kiswahili chake alikipata kwenye kambi ya wakimbizi Kenya.

"Shamba unaliwekea nini?"

"Mwani, kama mama yangu. Asubuhi nautoa pwani, jioni nishaufukia."

Safiyya akaacha kutafuna. "Na chumvi yake?"

"Mvua huiosha."

"Mvua ipi, dada? Hii iliyotukimbia miaka mitatu? Wewe hulimi, unakausha papa!"

Bi Arafa alicheka hadi machozi, kisha akapiga hesabu. Miaka yote hiyo ya ukame alikuwa akizidisha mwani, kwa kuihurumia ardhi.

Safiyya akamweleza: mwani ulundikwe kando, mvua iuoshe kwanza, shambani walale mbuzi, juma hili pembe hii, juma lijalo pembe ile. Wazungushiwe nini? Nyavu kuukuu, ambazo Chula hazijawahi kukosekana. Somo zima lilimalizika kabla ya sahani.

Alirudi na cheti chenye picha ya ng'ombe, akakitundika juu ya mlango. Jirani yake Famau akauliza ni nani hasa aliyefuzu.

"Huyo mwenye pembe," akajibu.

Akawalaza mbuzi ndani ya nyavu za marehemu mumewe, akiwahamisha kila Jumamosi. Mvua ilipokuja ikanyesha siku nne. Akapanda mbegu zote, bismillahi. Kunde zikatoka, majani mabichi hadi nchani. Ijumaa Adnan alipopiga simu, aliambiwa chumba akipangishe.

Mungu alimchukua kunde zikianza kukauka mitini. Akazikwa Chula, hatua chache kutoka shambani. Adnan alikuja kweli, lakini hakuwa na wa kumchukua. Katika hitima watu walikula kunde za marehemu kwa nazi, wakamwombea.

Mwezi uliofuata alifika ofisa wa shirika na fomu, kuuliza mshiriki amenufaikaje. Adnan akamwonyesha kaburi. Ofisa akasoma Fatiha, Mungu amlipe, kisha akatafuta kisanduku cha kutia alama. Cha waliokufa hakikuwepo. Akatia panapofanana: amehama.

"Futa hapo," Adnan akamwambia. "Mama hakuhama."