Wimbo wa Kumshukuru Mama Pamela

Kwa miaka ishirini na miwili, kuanzia Kibosho mpaka Soweto ya Moshi mjini, ndafu haikuingia ukumbini bila Flavia kuitangulia. Wapishi walimbeba yule mbuzi mzima wa kubanikwa, majani mdomoni, naye Flavia akiwa mbele anaimba Kichagga mpaka wazee wanainuka vitini bila kuombwa. Mumewe Sirili alipofariki, sauti hiyohiyo ndiyo iliyomsomesha binti yao Pamela.

Basi Pamela alipopata mchumba, Flavia hakuwa na haja ya kuulizwa nani ataimba kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti. Alianza mazoezi mapema, akiosha vyombo, akikata majani ya ng'ombe. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Pamela akaja na simu mkononi.

"Mama, siku hiyo wewe pumzika. Kaa meza kuu, upendeze. MC Rogath ametengeneza wimbo kwa kompyuta, una jina langu na lako. Sikiliza mwanzo wake."

Ikatoka sauti ya mwanamke, laini, isiyovuta pumzi hata mara moja.

"Nani huyu?"

"Si mtu, mama. Ni AI."

"Haya," Flavia akasema, akarudi kwenye vyombo vyake. Alitegemea angelia, na machozi hayakuja. Hata hasira aliitafuta asiione. Alikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi: anaufinya, ni wake, lakini hausikii.

Siku ikafika, ukumbi wa Shirimatunda ukafurika. Ndafu ikaingia kwa wimbo wa kompyuta, na watu, tuseme ukweli, wakacheza. Walicheza kuliko walivyowahi kumchezea yeye. Pamela akaja kupiga magoti mbele ya mama yake na kipande cha keki, na hapo ile sauti ikafika penye shukrani: "Aika mbe, mama Pamela, aika mbe!"

Shangazi Salvina, dada wa marehemu Sirili, akaangua kicheko. "Jamani! Mbe si anaambiwa mwanaume? Mwanamke ni aika mae! Mmemgeuza wifi yangu mzee wa ukoo!"

Flavia akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza wiki ile, kitu kikaamka kifuani mwake. Kompyuta imejikwaa, tena kwa neno ambalo hata mtoto wa mgombani halikosei. Sasa watampa kipaza sauti mwenyewe.

Lakini Rogath hakosagi jibu. "Shangazi, hiyo ni makusudi! Mama huyu amekuwa baba na mama!"

Vigelegele vikapasua ukumbi. Salvina mwenyewe akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaungana na wenzake: aika mbe, aika mbe.

Pamela alikuwa bado amepiga magoti, akiimba vilevile, na machozi yake yalikuwa ya kweli kabisa. Akamsogelea mama yake sikioni.

"Mama, kwani shangazi alicheka nini? Mbe na mae si kitu kimoja?"

Flavia akamtazama. Miaka yote aliyowaimbia mabinti wa watu, huyu wa kwake aliongea naye Kiswahili kitupu, asije akababaika shuleni.

"Ni kitu kimoja, mwanangu," akasema, akafungua kinywa alishwe keki.