Titi la Kushoto

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo hunijia nikiwa nachambua mboga. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimempeleka kliniki binti yangu Neema, wa wiki sita. Nesi alimweka kwenye mzani, akatazama kadi, akampima tena.

“Mama, mtoto anapungua. Ananyonya vizuri?”

Nikajibu ananyonya. Sikusema kwamba nilikuwa namnyonyesha titi moja tu.

Nirudi nyuma kidogo ili unielewe. Mwaka aliofariki mama yangu, mvua haikunyesha kijijini kwetu. Uwele ulikauka ukiwa haujafika kiunoni. Baba akaenda mbali kutafuta kazi, mimi nikaachwa kwa shangazi, naye alikuwa na watoto wake sita. Siku moja alinikuta jikoni nimechota uji kabla ya wenzangu. Akaniita mwizi, akanimwagia uji ule ule kifuani, ukiwa wa moto. Nilikuwa na miaka saba. Kidonda kilikaa miezi, kikaacha kovu kutoka begani hadi upande wa kushoto wa kifua.

Tangu hapo nikauchukia mwili wangu. Nilioga haraka haraka. Nilivaa nguo za kufunga shingo hata katika joto la Novemba. Nilipoolewa hapa mtaani Nkuhungu, nilikuwa nakula jikoni nimesimama, kwa sababu kila tonge niliona kama naiba. Mume wangu aliuliza habari za kovu mara moja. Nikamwambia niliungua utotoni. Neema alipozaliwa, niliamua mwenyewe kwamba titi la upande wa kovu limekufa. Nikalibana kwa kitambaa.

Siku ile niliporudi kutoka kliniki, mama mkwe, tuliyekuwa tunaishi naye, alimpokea mtoto, akamwangalia kwa muda.

“Mwanangu, mbona huyu anazidi kuwa mwepesi?”

Nikaanza kulia. Nikamweleza yote, mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi.

“Saba, mama.”

“Mtoto wa miaka saba mwenye njaa akichota uji, hajaiba. Shangazi yako alikukosea. Lakini leo anayemnyima huyu chakula ni wewe.”

Maneno yale yaliniuma, nikatamani kuondoka. Yeye akanisogezea kigoda, akaleta ugali na mlenda, akakaa nami mpaka nikamaliza kula.

Kesho yake alinirudisha kwa nesi. Nikafungua vifungo mbele ya mtu. Nesi alinigusa polepole, akasema, “Kovu liko kwenye ngozi, mama. Chuchu ni nzima. Tujaribu.”

Siku za mwanzo hakikutoka kitu, na ngozi ilivutika kwa maumivu. Baada ya siku kumi hivi nikamsikia Neema akimeza. Maziwa ya upande ule hayakuwahi kuwa mengi, ila yalitosha kuongezea, na mwezi uliofuata uzito wake ulipanda.

Usidhani nilianza kuupenda mwili wangu siku ile. Ilinichukua miaka, na hata sasa zipo siku ambazo kioo nakipita. Nayasema haya kwa sababu juzi nilimwona binti mmoja mpangaji wangu, anasoma chuo kikuu kule Chimwaga, anakula amegeukia ukuta. Nikajiona mimi.

Mwanangu, kama ulikua na njaa, au mkono wa mtu mzima ulikuumiza ukiwa mdogo, mwili wako haukufanya kosa lolote. Ulivumilia tu mpaka ukakufikisha hapa. Usiendelee kuuadhibu kwa niaba ya waliokuumiza. Ule chakula chako bila kujificha. Mtafute mtu mmoja mwenye kifua cha kutunza siri, umwambie, na kama panahitajika nesi au daktari, nenda bila kuona haya. Tena anayekupenda akikwambia neno linalochoma, usimkimbie, msikilize kwanza.

Mungu akupe wa kukusikiliza. Akutulize moyo, na akuzeeshe ndani ya mwili huo huo, mkiwa mmepatana.