Nguruwe wa Kabla ya Reli

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipoufuta mji mzima kwa sentensi moja, nikiwa nimevaa kepi mpya, kofia ya kazi ya reli, na sina hata haya. Jana nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba Kamina hakuna kitu, hapajawahi kuwa na kitu, na kwamba wewe unakwenda zako Lubumbashi mahali penye watu. Sikukasirika. Nilicheka peke yangu mpaka mama yako akauliza kama nimeshikwa na homa. Kaa hapa kidogo. Kosa hilo nalijua vizuri, kwa sababu mimi nililifanya kabla yako, tena hadharani, tena kwa sauti kubwa.

Wakati ule, katika miaka ya hamsini, mji ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa kambi yetu sisi wa reli, nyumba za matofali zilizopangwa mstari, watu waliotoka Kasai na kwingine kwingi, wote wakiamka, wakila na kulala kwa kufuata filimbi. Upande wa pili walikaa wenyeji, Baluba wa hapa, wenye mashamba yao ya mihogo na karanga, waliotuona sisi kuwa watu wa kelele. Katikati ilikuwa gare, stesheni ya treni. Jumapili, misa ikiisha, pande zote mbili zilikwenda gare kutazama treni ya kutoka Bukama. Hakuna aliyekuwa akisafiri! Tulivaa vizuri, tukasimama, tukawacheka wasafiri kofia zao na mizigo yao, treni ikaondoka, nasi tukarudi nyumbani tumefurahi. Huu ni mji wa utani, mwanangu. Wewe mwenyewe umelelewa humu, usijifanye hujui.

Mimi nilikuwa karani wa gare. Baba yangu alikuwa kapita, msimamizi wa mafundi wa njia ya reli. Alikuja kutoka Kasai pamoja na reli yenyewe, akiilaza kipande kwa kipande. Nami nilikuwa nimempenda Mujinga, binti wa upande wa wenyeji, jina la Kiluba lisilo na ujinga ndani yake. Wazazi wa pande zote walikuwa wamekubaliana. Ilibaki siku moja tu ya sisi kwenda kwao, kukaa, kula, na kupewa neno la mwisho na bibi yake, Nkambo Ngoie. Katika nyumba ile hakuna msichana aliyeolewa kabla Nkambo Ngoie hajasema neno.

Sasa, Jumapili hiyo treni ilileta wageni wa serikali. Injini ilikuwa ikinywa maji, wageni wamechoka kukaa, na mkubwa wa gare akaniambia niwaeleze kidogo historia ya mji. Mimi! Nilivuta kepi yangu mbele, nikapanda juu ya sanduku la mizigo, nikatoa yale niliyoyasikia kwa baba yangu tangu utoto.

"Zamani hapa hapakuwa na mtu," nilisema. "Palikuwa na majani na nguruwe wa porini. Ndipo baba yangu na wenzake wakaleta reli, na mji ukazaliwa."

Watu wa kambi walipiga makofi. Baba alitazama viatu vyake kwa unyenyekevu wa uongo. Kisha kutoka upande wa wenyeji akainuka Nkambo Ngoie, mfupi, mwembamba, kitambaa cha misa bado kiko kichwani.

"Weye mutoto," aliniita kwa Kiswahili chetu cha Kamina, minyi kwa mimi na njo kwa ndiyo. "Minyi nilizaliwa hapa, mbele ya ile reli. Sasa uniambie muzuri, bantu basikie. Minyi niko majani, ao niko nguruwe?"

Mwanangu, gare nzima ilicheka. Hata dereva alicheka, na alikuwa hajui neno la Kiswahili; aliona tu uso wangu. Nami badala ya kushuka na kuomba radhi, nikasema, "Nkambo, hii ni historia." Ujinga wa kijana una kiburi chake, hausemi neno moja tu ukanyamaza.

Kesho yake nilimkuta Mujinga kwenye bomba la maji. Nikamsalimu. Akaniangalia kama anayetazama ukuta, akajitwika ndoo, akapita. Nilipomfuata alisema bila kugeuka, "Majani haina kinywa." Nilidhani ni hasira ya siku moja. Lakini nilipopita mtaa wao, salamu zangu zote ziliangukia chini. Wazee niliowaamkia waliulizana wenyewe kwa wenyewe kama wamesikia upepo. Upande mzima wa wenyeji ulikuwa umekubaliana kwamba haupo.

Siku ya ziara ikafika, Jumamosi. Tulikwenda, baba katika koti lake la Pasaka, mjomba wangu, na mimi na kepi yangu. Uani palikuwa na viti vitatu na hakuna mtu. Moto ulikuwa unawaka. Chungu cha kuku kilikuwa kinachemka, tukasikia harufu yake mpaka mate yakatutoka. Tukapiga hodi. Kimya. Tukakaa. Jua lilipanda, likatupata, likatuivisha. Nyuma ya nyumba tulisikia watu wakila bukari, ugali wetu, na kuku huyo huyo, wakicheka kwa kuziba midomo. Mjomba alipoita tena hodi, alijibiwa kutoka jikoni na mlio wa nguruwe, mrefu, wa ustadi. Nilijua sauti. Alikuwa Nkambo Ngoie mwenyewe.

Baba alisimama. "Twende. Hawa bantu banatuchezea. Nitaandika barua kwa ndugu yangu kule Kasai, akutafutie muke mwenye adabu. Barua inaenda na treni ya kesho kutwa."

Hapo ndipo hamu ya kucheka iliponiisha kabisa. Barua ya baba haikuwa maneno matupu. Dada yangu aliolewa kwa barua kama hiyo. Nilimpenda Mujinga, nasema wazi, wala sioni aibu uzeeni. Nilibaki na Jumapili moja tu, ambayo ilikuwa kesho.

Jioni ile nilirudi peke yangu. Nilivua kepi, nikapiga magoti kwenye vumbi la uani, nikapiga makofi ya heshima kama Baluba wanavyomwamkia mkubwa, nikauambia ua mtupu, "Hodi, Nkambo. Niko mwenye makosa."

Alitoka na muhogo mkononi, anaumenya. "Nani anasemea majani? Mutu huyu iko na wazimu?"

"Minyi, Nkambo. Sikujua kama ulikuwa hapa."

"Hapana. Haukuuliza." Alimenya mpaka mwisho wa muhogo, mimi bado nimepiga magoti. "Kesho, kiisha misa, uvae ile kepi. Tutatembea."

Nami nikavaa. Alinitembeza mji wangu mwenyewe kama mgeni, nao watu wa kambi wakitufuata nyuma kwa furaha. Uwanja wa mpira ulikuwa shamba la mtama la baba yake. Chini ya tangi la maji ya injini alizikwa kaka yake, na mzee mmoja alishawaambia wazungu, nao wakaitikia kwa kichwa na kuchimba. Kila mahali alisimama, akasema ni nani alikuwa akikaa pale, jina na jina la baba yake, na kila mahali nilipiga magoti, nikapiga makofi. Suruali yangu ya kazi ilipata matobo mawili. Mwishowe aliniingiza ofisini mwangu, akaonyesha meza yangu.

"Hapa njo ilikuwa jiko ya mama yangu. Kila siku unaikaa mu jiko yake, na haupigake hodi."

Nikapiga magoti mbele ya meza yangu. Mkubwa wa gare aliingia wakati huo huo, akanitazama nikiipigia meza makofi, akauliza kama nimeangusha kalamu. Nkambo Ngoie alimjibu kwamba yeye pia asubiri, zamu yake itafika.

Treni ikaingia. Watu walikuwa wengi kuliko Jumapili yoyote, na baba yangu alikuwa kati yao, mikono nyuma, barua mfukoni. Nikapanda sanduku lile lile. Safari hii nilianza na mama yake Nkambo Ngoie na jiko lake. Nikataja shamba la mtama, nikataja kaburi, nikataja majina yote, na kila jina lilijibiwa na mtu fulani kwa "eyo!", ndiyo ya Kiluba, kutoka upande wa wenyeji. Nilinogewa. Nikamaliza kwa kishindo: "Na reli ilikuja nyuma kabisa, kelele tu na moshi!"

Nkambo Ngoie aliiangusha kepi yangu kwa fimbo yake.

"Mupumbafu weye! Sasa baba yako iko wapi? Naye utamufuta?" Aligeuka kwa watu. "Sikilizeni. Siku bantu ba reli bafika hapa, balikuwa mifupa. Balikuwa na homa, balikuwa na woga. Na kulikuwa nguruwe, ndiyo, huyu mutoto hakusema bongo, hakudanganya. Bwana yangu njo aliua ile nguruwe. Minyi njo niliipika. Na huyu mwenye koti," akamnyooshea baba fimbo, "alikula mara tatu, kiisha akalamba na chungu. Nilimuangalia nikasema, masikini, huyu hatafika Jumapili."

Baba yangu, kapita ambaye hakuinama kwa mzungu yeyote, alimtazama bibi yule usoni. Nikaona uso wake unabadilika. Alikuja mpaka mbele yake, akapiga magoti katika koti la Pasaka.

"Ni kweli," alisema. "Nyama nilikumbuka. Mukono nilisahau. Batoto niliwaambia nguruwe tu."

Alipiga makofi, naye Nkambo Ngoie akamwacha ayapige mpaka aliporidhika, na aliridhika taratibu sana. Kisha akaniuliza, "Sasa minyi niko?"

"Uko, Nkambo."

"Basi na mujukuu wangu naye iko. Kesho mukuje kula. Safari hii tutawajibu hodi."

Barua haikupanda treni. Baba aliiwashia kiko, na miezi miwili baadaye nikamwoa Mujinga, ambaye ni mama yako, na ambaye mpaka leo nikimkosea huniambia kwamba yeye ni majani na hasikii kitu. Kwa harusi tulipikiwa nyama ya nguruwe. Usiulize nani aliamua.

Basi nenda Lubumbashi, mwanangu, sikuzuii. Lakini kabla hujasema mahali fulani hapana kitu, uliza kwanza nani alikuwa akipika pale, uliza kwa magoti kama inabidi. Na ukijua, usije ukamfuta baba yako ili kuwapendeza wengine. Nafasi ya kutaja watu wote ipo, treni inaweza kungoja. Mungu wa wazee wako akutangulie njiani, akupe watu wa kukupokea ukifika mifupa mitupu, na akupe kumbukumbu ya mkono uliokulisha. Sasa nenda jikoni kwa mama yako ukamsalimu. Piga hodi.