Tangazo la Kumpeleka Dada Nyumbani

Kila Ijumaa alasiri mimi husoma taarifa za wiki kwenye redio ndogo ya mtaa wetu wa Kibera. Studio yenyewe ni kontena lililotobolewa dirisha, na kuta zake tumezibandika trei za mayai ili kelele za kijiji cha Laini Saba zisiingie, nazo huingia tu. Wanaochomelea vyuma huko nje hawajui kama tuko hewani, na hata wakijua hawajali. Mpangilio wa kipindi haubadiliki: habari, burudani, misaada, halafu mambo ya wikendi. Nani ameunguliwa na nyumba, maji yamepotea upande gani, timu zipi zinakutana Jumapili, wapi watu watapimwa macho bure, marobota mapya ya mitumba yanafunguliwa lini Soko la Toi. Nikimaliza huwatakia watu wikendi njema kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Sehemu inayonichosha roho ni hiyo ya misaada. Kuna wageni wanaokuja na fulana zenye maandishi, wakagawa unga, wakapiga picha, wakatokomea. Hao hupenda sana kutajwa. Kisha kuna michango ya sisi wenyewe kwa wenyewe, na hiyo ni ya aina mbili: ya mgonjwa na ya marehemu. Nimesoma matangazo hayo kwa miaka, na hata kabla sijafungua mdomo ningeweza kukuambia ni lipi litakaloleta watu. Nikisoma la mgonjwa, watu hupunguza sauti ya redio. Nikisoma la marehemu, huuliza ni wapi na ni saa ngapi.

Nililijua jambo hilo kama ninavyojua njia ya kwenda kazini, bila kulifikiria. Kisha dada yangu akaugua.

Alikuwa akiishi Kawangware, kwenye ploti ya mabati nyuma ya mashine ya kusaga unga, na kazi yake ilikuwa kusuka nywele. Ndiye aliyenipokea nilipokuja Nairobi kutoka kwetu kando ya ziwa, akanigawia godoro lake kwa kulikata katikati kwa kisu cha jikoni. Alikuwa na mdomo mkali na mikono mepesi, na wateja walimvumilia mdomo kwa sababu ya mikono. Alianza kwa kuhema akipanda ngazi, halafu akawa anahema akiwa ameketi tu. Miguu ikavimba. Hospitali walituambia kwamba ndani ya moyo wake kuna kilango kisichofunga vizuri, na kwamba dawa zitamsukuma kidogo tu. Alihitaji kupasuliwa, na upasuaji usichelewe.

Nilimweleza yote hayo polepole, kwa mpangilio. Akanikatiza.

"Wacha kunisomea taarifa, mtu wa redio. Nitakufa ama sitakufa?"

"Ukipasuliwa hutakufa."

"Na nisipopasuliwa?"

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, wala halikuwa na pembe nyingine ya kulitazamia.

Nikatangaza. Nilitangaza Ijumaa baada ya Ijumaa, nikabadilisha maneno, nikaweka tangazo mwanzo wa misaada, nikaliweka mwisho, siku moja nikalichomeka katikati ya habari za mpira nikitumaini litawakuta watu bado wana furaha. Jumamosi moja tuliitisha harambee, tukakodi viti tukavipanga kanisani Kawangware. Alikuja mchungaji, wakaja wateja wachache, wakaja watu wa ploti. Dada alikaa mbele akiwa na kitambaa kizuri kichwani, akitabasamu kila mlango ulipolia, na mara nyingi ulikuwa upepo. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Tulirudisha viti mapema.

Mwenyekiti wa chama chetu hakufika, ila alituma salamu. Lazima nikieleze chama hiki. Ni cha watu wetu wa ziwa waliotawanyika Kibera na Kawangware, wapangaji wote, watu wa vibarua na biashara ndogo ndogo, na kazi yake ni moja tu: kuhakikisha hakuna mtu wetu anayezikwa Nairobi. Majirani zetu wa Machakos na Kitui wana vyama vyao, hufanya vivyo hivyo. Mtu anaweza kulala njaa hapa mjini, akafukuzwa nyumba, akaugua peke yake nyuma ya pazia, lakini akifa, jeneza lake litafika kwao likiwa limepambwa. Sisemi hivyo kwa kubeza. Hofu ya kulala milele katika ardhi ya watu usiowajua naielewa, hata mimi ninayo.

Hofu hiyo imeingia mpaka kwenye maneno yetu. Mtu mzima wa afya, akifunga mzigo kwenda kuwaona wazazi, husema anaenda ocha, yaani kijijini kwao. Hawezi kusema anapelekwa nyumbani. Anayepelekwa nyumbani ni maiti, na kila mtu kwetu anajua hivyo, hata mtoto.

Jioni moja nilimkuta dada ameegemea mito yote iliyokuwa ndani ya nyumba, maana kulala chali kulikuwa kumemshinda. Alikuwa anacheka peke yake.

"Nimepata tangazo," akasema. "Andika vile nasema. Familia inaomba watu wa ziwa waje tusaidiane kumpeleka dada yetu nyumbani."

"Watadhani umekufa."

"Wacha wadhani. Si ni ukweli nataka kupelekwa kwa mama nikapumzike? Hapa nangoja nini? Wakikuja watanikuta hapa mlangoni. Watafanya nini, wanizike?"

Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kumwona vile alivyokuwa. Niliwaza, wakishakuja, wakimwona kwa macho yao anavyohema, nani atakuwa na moyo wa kurudi na mchango wake mfukoni?

Ijumaa nikasoma neno kwa neno. Binti anayesimamia mitambo hakuniuliza kitu. Alinitazama machozi yakimlengalenga, akateremsha chini ya sauti yangu ule wimbo wa kwaya tunaouweka kwa matangazo ya msiba.

"Aki pole sana, bro," akaniambia tulipotoka hewani. Nikaitikia.

Sijawahi kuona watu wakija hivyo. Jumamosi kabla ya chakula cha mchana hema lilikuwa limesimama kwenye uwanja wa ploti, na viti, na jenereta, na spika kubwa kuliko mlango wetu. Akina mama waliingia na sufuria na magunia ya makaa. Kwaya ilifika ikiwa imevaa sare. Wengine walitembea kutoka Raila, kijiji cha Kibera ninachoishi mimi, watu ninaokutana nao kila asubuhi kwenye mfereji na ambao hawakuwahi kuniuliza mgonjwa anaendeleaje. Beseni la mchango liliwekwa mezani, likafunikwa leso, likajaa.

Dada alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, amevaa rinda lake la kijani, amejipaka mafuta. Mama mmoja mnene aliingia akilia kutoka getini, kama desturi yetu inavyotaka, mikono kichwani, akimwita marehemu kwa majina yote ya ukoo. Alipofika mlangoni akamwona. Kilio kilimkatikia kooni, mdomo ukabaki wazi.

"Karibu, mama," dada akamwambia. "Endelea tu, ulikuwa unalia vizuri."

Kuna waliocheka. Kuna waliofanya ishara ya msalaba. Kijana mmoja wa spika alisema, "Wasee, huyu si ako fiti?" akazima muziki. Nikasimama nikawaeleza kila kitu, moyo na kilango chake, upasuaji, daktari alivyosema kuhusu kuchelewa. Nilisema vizuri, kusema ni kazi yangu. Nilipomaliza watu waliinamisha vichwa, nami nikadhani ni kwa huruma.

Mwenyekiti aliwaita wazee wa chama wakasimama kando wakinong'ona. Ni fundi wa mawe, mtu mpole, sijawahi kusikia akimpunja mtu. Aliporudi alivua kofia.

"Dada yetu, tumefurahi sana kukuona," akasema. "Mungu ni mwema. Lakini hawa watu wametoa kwa ajili ya msiba. Mimi siwezi kugusa mchango wa msiba kabla msiba haujakuwa. Hata wewe ungekuwa mimi hungeweza. Tutauweka. Mchango uko salama, hakuna mtu atauguza."

"Atauguza nani?" nikapiga kelele. "Anayeuguzwa ni huyu!"

"Hakuna mtu ataugusa, ndugu yangu. Ulimi umeteleza. Ukihitajika, utakuwa hapo."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema ni ukweli. Mwingine akasema hospitali haina mwisho, leo moyo, kesho figo, lakini kaburi ni mara moja. Nilimwambia yeye na wote waliokuwa chini ya hema maneno ambayo hayasomeki redioni, na hakuna aliyenijibu kwa hasira. Wangenitukana ningefurahi. Mwenyekiti angekuwa mwizi ningekuwa leo na mtu wa kuchukia. Lakini alilifunga lile beseni kwa leso mbele ya kila mtu, kwa adabu, akalipakata.

Dada ndiye aliyezungumza mwisho. Hakuinua sauti, hakuwa na pumzi ya kuinulia.

"Kwa hivyo mnaningoja?"

Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. "Hatukungoji, mama. Tunaweka tu."

Wakala, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva, na dada akala nao kidogo. Kisha wakakunja hema.

Ijumaa iliyofuata nilirudia tangazo la upasuaji, bila mafumbo. Soko la Toi watu walikuwa wanasema redio imemzika mtu hai, na kwamba jambo kama hilo halifai kuchezewa, ukiliita huja. Waliokuwa wanampa dada mboga kwa mkopo wakaanza kumwogopa. Wateja wakahamia kwa msusi mwingine. Niliandikia makanisa, nikawapigia wale wageni wa fulana, wakaniambia mpango wao mwaka huu ni wa maji safi. Nilikata tamaa kabla yake, nasema ukweli. Yeye alikata polepole, kama anayezima taa moja moja.

Nilipomtembelea alikuwa akinitaka nimsomee yale niliyosoma hewani. Hakutaka habari wala burudani, na misaada alikataa kabisa. Alitaka mambo ya wikendi tu. Wapi kuna mpira, wapi kuna sinema ya ukutani, kanisa gani lina kesha, shule gani ina michezo. Alifumba macho akachagua moja, kila mara moja, akaniambia huko ndiko angeenda, na nguo ambayo angevaa. Mimi nilikuwa nakubali. Nilikuwa namchukia kila mtu Nairobi nzima, huku nakubali na kusifia nguo.

Jirani yake alinipigia asubuhi, siku ya kazi, nikiwa bado Raila nanawa uso. Alisema dada hakuamka. Sikumpigia mtu yeyote, na redioni sikupita. Nilishika njia kwa miguu kwa sababu sikuweza kukaa ndani ya gari na watu wanaocheka, nikatembea hadi Kawangware nikiwa sijui nitaanzia wapi, nani nitamwambia kwanza, nitasema nini.

Nilipoingia getini hema lilikuwa limeshasimama. Viti vilikuwa vimepangwa, akina mama wamewasha makaa, na gari la kumsafirisha lilikuwa linarudi kinyumenyume kuingia ndani ya ploti, vijana wakiliongoza kwa mikono. Mwenyekiti alinijia akiwa amevua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia nisihangaike na tangazo, kila kitu kiko tayari, na kweli kilikuwa tayari.