Kipande cha Kumi na Tano

Mwezi uliopita simu yangu ililia mfululizo nikiwa nashona sare za shule kibandani kwangu Ipogolo, chini ya kilima cha Iringa mjini. Alikuwa baba yangu mdogo, yuko Uyole. Alikuwa ameniunga kwenye kundi la watu wanaopenda meli, watu ambao wengi wao wanaishi mbali na maji kama mimi ninavyoishi mbali na Ikulu, na wote walikuwa wanafuatilia kivuko kipya kinachosafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenda Ziwa Nyasa. "Mwanangu, hebu toka hapo nje kidogo," alisema kwenye ujumbe wa sauti. "Kipande cha kwanza kimeshapanda mlima Kitonga. Tupigie picha."

Nikatoka, sindano bado imechomekwa kifuani. Lori lilikuja polepole, gari la kimulimuli limetangulia, na mgongoni limebeba bonge la chuma jekundu lililojipinda kama ubavu wa ng'ombe aliyechunwa. Nilipiga picha moja, nikarudi ndani, nikakaa nimejifunika kitambaa cha sare. Mteja wangu akadhani nina malaria. Kumbe, rafiki yangu, nilikuwa nimesharudi Uyole bila kulipa nauli, nina miaka tisa, nimeshika daftari la hesabu, na bibi ananiambia andika.

Uyole ya utoto wangu ilikuwa na ukungu wa kukatwa kwa kisu. Asubuhi unatumwa dukani, unasikia malori ya Zambia yanaguruma lakini huyaoni, mpaka taa zinakutokea ghafla pembeni. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka njia panda, pale barabara ya Kyela inapoachana na ile ya Mbeya mjini. Nilikuwa nalelewa na bibi, mama wa baba yangu. Kazi yangu ilikuwa kuchagua viazi: vikubwa vya sokoni, vidogo vya kwetu, vilivyooza vya nguruwe. Mikono ilikuwa inakufa ganzi kwa baridi, na bibi alikuwa anaiponya kwa kikombe cha uji wa ulezi ambacho hukiachi hata ukiungua. Harufu ya uji ule ndiyo saa yangu ya asubuhi mpaka leo.

Bibi hakuwa mtu wa mlimani. Alizaliwa Kyela, kando ya ziwa, akaolewa na baharia. Siku moja babu aliondoka na mashua ya magunia ya mchele, hali ya hewa shwari kabisa, na hakurudi yeye wala mashua wala hata kipande cha ubao. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, karibu na migomba, ili watoto wajue pa kusimama wanapomtaja. Babu hakuwa na mahali hapo. Wazee walikuja kumwambia bibi matanga yaanuliwe, maisha yaendelee, yeye akakataa. Alisema hawezi kuanua tanga la mtu ambaye hajamwona. Akafunga vyombo vyake, akabeba wanawe, akapanda mpaka Uyole. "Maji haipandi mlima," ndivyo alivyokuwa akisema kila alipoulizwa. Samaki hakuingia jikoni kwake, hata usipa, dagaa wa ziwa lile, ambao Mnyakyusa wa Kyela kuwakataa ni kama kukataa jina lake.

Lakini mtoto umleavyo sivyo akuavyo siku zote. Baba mdogo, kitinda mimba wake, alipanda mlima ule akiwa mgongoni na hakulikumbuka ziwa hata tone, na ndiye aliyelipenda kuliko wote. Jirani yetu alikuwa mpishi mstaafu wa meli, mzee mnene aliyekaanga viazi huku anayumba kama bado yuko majini. Yeye ndiye aliyemharibu. Kila Jumamosi walikaa kwenye benchi lake wanabishana mambo ya meli: ipi ina tumbo pana, ipi inaogopa mawimbi ya ubavuni, honi ya ipi inasikika mbali zaidi. Mmoja wao hajawahi kukanyaga meli hata siku moja, ila ukimsikia anavyobisha ungempa usukani.

Halafu zikaja habari kwamba meli mpya inaletwa ziwani, na kwa kuwa Mungu hakuchimba mto wa kutoka baharini hadi Nyasa, itapita barabarani kwa vipande ikaunganishwe hukohuko bandarini. Baba mdogo akaandika barua kuomba kazi ya ubaharia, na akajibiwa. Aripoti mara vipande vyote vikifika. Nilimwona akiisoma ile barua amesimama, akaketi, akaisoma tena. Bibi alichukua jembe akaenda kulima shamba ambalo lilikuwa limeshalimwa.

Sasa sikiliza walivyoifuatilia. Kulikuwa na fundi wa pancha Iringa na mama lishe wa Igawa, wote marafiki wa yule mpishi. Vocha ilikuwa ghali, hivyo walikubaliana kubipu. Kipande kikipita Iringa, fundi anabipu mara moja na kukata. Kikipita Igawa, mama lishe anabipu, na baba mdogo anajua kitafika kwetu jioni au kesho yake mchana, maana mizigo mikubwa haikuruhusiwa kutembea gizani. Mimi nilikuwa karani. Nilichora mistari mitatu kwenye daftari langu la hesabu: Iringa, Igawa, Uyole. Hakuna kipande kilichoingia mstari wa Uyole bila kuwa na bipu mbili nyuma yake. Meli nzima ilikuwa vipande kumi na vinne.

Nilivipenda na nilivihofia. Unasimama kwenye ukungu, huoni kitu, halafu chuma kikubwa kuliko kanisa letu kinakuja hewani, hakina magurudumu, hakina lori, kinaelea tu, mpaka kikukaribie ndipo unaona tairi chini. Upepo ulipoingia kwenye matundu yake kilitoa sauti nzito, kama mtu anayevuta pumzi kujiandaa kusema. Ng'ombe waliokuwa wakivushwa waligoma. Ndugu wawili wa sokoni waliapa wamesikia kugongwa kutoka ndani, mara tatu, na dereva akawacheka, kisha akashuka kuangalia. Bibi alifunga madirisha yote ya upande wa barabara siku kilipopita kipande cha kwanza na hakuyafungua tena. Tulikula gizani mchana kweupe.

Siku moja tu walisemezana mbele yangu.

"Mama, hii ni meli kubwa. Siyo mashua."

"Na ile maji ni ileile."

"Kazi ni kazi, mama."

"Mimi nilitoa mmoja. Sikuambiwa kama kuna awamu ya pili."

Kipande cha kumi na nne kilipita Jumamosi alasiri. Baba mdogo alifunga begi, akaliweka mlangoni, safari iwe Jumatatu. Jumapili asubuhi alituaga kwamba anawahi kwaya kanisani. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote, mpaka kuku hawakutoka bandani. Bibi hakwenda ibadani, alisema goti linamuuma. Tulikaa jikoni madirisha yamefungwa, tunamenya viazi, na sikusikia chochote nje, hata lori moja. Ndipo bibi akaweka kisu chini.

"Gwe mwana, lete daftari yako. Andika kumi na tano, pale kwa Uyole."

Nikamwambia hakuna bipu. Akasema anajua. Akaniambia nitakachosema nikiulizwa: kwamba tulikuwa mlangoni, kikapita kipande chakavu, kina kutu, kinachuruzika maji, na lori lake halikuwa na mlio. Akanishika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa baridi kuliko viazi. "Akisikia hivyo ataona ni mkosi, abaki. Akienda nitakufa kabla yake," alisema. "Na dhambi hii ni ya kwangu, wewe umetumwa tu." Nilikuwa nampenda bibi kuliko ukweli. Nikaandika.

Nilitoka kwenda barabarani kidogo, nadhani nilitaka uongo wangu upate pa kusimama. Lami ilikuwa imelowa. Siyo yote, ni mkanda mmoja tu wenye upana wa lori, unaotokea upande wa Igawa, unakata njia panda na kushuka kwenda Kyela, na kulikuwa na harufu ya usipa waliolala siku mbili. Nimejiambia maisha yangu yote kwamba ukungu wa Uyole unalowesha kila kitu, na kwamba wachuuzi wa samaki walipita hapo kila wiki. Nilirudi ndani mbio na sikumwambia bibi.

Mchana baba mdogo alirudi, uso umempauka. Hata hakuuliza, alilikuta daftari mezani limefunguka. Akatazama ule mstari wa Uyole kwa muda mrefu, akanitazama mimi. "Ulikiona?" Nikasema ndiyo. "Kikoje?" Nikasema kama nilivyofundishwa, kutu, maji, kimya. Alikwenda kwa mpishi, wakapiga simu Igawa, kupiga kwenyewe siyo kubipu, na mama lishe akaapa kwamba hakijapita kitu tangu Jumamosi. Mpishi aliingia kwake akafunga mlango, na benchi lile halikukaliwa tena kwa wiki nzima. Jumatatu begi lilibaki mlangoni. Jumanne bibi alilifungua mwenyewe, akarudisha nguo moja moja kwenye sanduku.

Meli iliunganishwa, ikaogelea, na haikupata baya lolote, na hilo ndilo lililonitesa. Baba mdogo akafungua duka la matairi makuukuu palepale njia panda. Kila mgeni aliyetoka Kyela aliulizwa habari za meli kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Hakuwahi kunilaumu, hakuwahi kuitaja ile Jumapili, na kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyoamini kwamba anajua. Bibi alipokuwa anakata roho alinifinya kiganja na kuniambia, "Ile ya daftari nitaijibu mwenyewe huko." Tulimzika nyuma ya nyumba. Babu bado hakuwa na pa kulala, na matanga yake hayakuwa yameanuliwa.

Kwa hiyo ile picha ya mwezi uliopita ilinishinda. Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda Uyole kuungama. Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga, wanasema, na mimi nilikuwa nimechoka kuusubiri udhihiri wenyewe. Njia panda sikuitambua. Barabara imepanuliwa, nyumba yetu imekuwa stoo ya mbolea, benchi la mpishi limekwenda na mpishi, na saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshawaka, ukungu hakuna. Nilijikuta nautafuta kama mtu anayetafuta miwani.

Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya tairi, anakula viazi vya kuchemsha na chumvi. Aliniitikia shikamoo yangu, akanikatia kipande. Nikamwambia yote palepale, nimesimama, kabla ujasiri haujanitoka: kwamba hatukuwa mlangoni, kwamba sikuona kipande chochote, kwamba nilimnyang'anya meli yake kwa penseli na ninamwomba anisamehe.

Alichovya kiazi kwenye chumvi. "Nani kakuambia nilibaki kwa ajili ya daftari?" akasema. "Siku ile sikwenda kwaya. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, naangalia upande wa nyumba kwenye ukungu, nashindwa namna ya kumuaga mama. Kikapita. Hakina mlio, kinatiririka maji. Na mtu yuko juu, kasimama. Sikuwahi kumwona baba, hata picha hatuna, lakini nilimjua. Nilitamani ageuke." Akapangusa chumvi vidoleni. "Anayekuita anakugeuzia uso. Yeye alinipa mgongo mpaka akaishilia kule chini. Nikasema basi, kaniambia nisimfuate. Nikaja nyumbani nikakuta mmeandika."

Nilikaa kwenye tairi la pili. Lori la saruji likapita, la kawaida, lenye kelele zake zote. Nilianza kusikia mzigo wangu wa miaka yote unashuka, na nilikuwa karibu kucheka, nilipoona amenikazia macho na kiazi kimebaki njiani, mkononi.

"Subiri kwanza," alisema taratibu. "Unasema mlikuwa ndani? Madirisha yamefungwa?"

Nikasema ndiyo.

"Miaka yote hii mimi najua mama alimwona. Nilipomzika nilikuwa na amani, nikijua walau alimwona mumewe mara moja akipita mlangoni."

Alirudisha kiazi kwenye sahani, akaifunika, akainuka kwenda kumhudumia mteja.