Mguu wa Kulia wa Kiprono

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaambia watu kwamba Kiprono mwenyewe ndiye aliyenipa mguu wa kulia. Nimelisema hilo kanisani, nimelisema chuo kikuu mbele ya watu wanaojua kupima maneno, na mara moja nilimwapia mume wangu. Si kweli. Kiprono hakunipa mguu wowote. Niliuchagua mwenyewe, na hadi leo nikikumbuka masikio yananichoma.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mkandaji katika hospitali moja mjini Nakuru (mgonjwa akishatolewa plasta analetwa kwangu nimlainishe viungo). Nilijua migongo ya wazee na mabega ya akina mama waliobeba kuni maisha yao yote, lakini wanariadha sikuwajua. Basi akaja Sista mmoja Mzungu kutoka Nairobi kutufundisha kwa wiki mbili, sisi wakandaji sita ambao tayari tulijiona mabingwa, namna ya kuwashughulikia watu wanaoumia kwa mbio na mpira, na atakayefaulu apewe cheti. Kanuni zake hazikuwa nyingi. Muulize mtu anaumwa wapi. Anza na mguu mzima, ili vidole vyako vijue uzima ukoje, kisha ndipo uhamie kwenye unaouma. Andika kadi.

Siku ya mtihani nikapewa Kiprono, kijana wa reli aliyekuwa akimbie Nairobi Jumamosi ile, ambaye shavu la mguu mmoja lilikuwa limemkaza kidogo mazoezini. Akaingia akitembea vizuri tu, akalala kifudifudi mezani, na wenzake wa reli wakajazana madirishani kama wanaotazama arusi. Sista alikuwa mlangoni akiwapokea wageni waliokuja kutazama mtihani. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: sitamuuliza. Nilitaka kujua kama vidole vyangu peke yake vinaweza kugundua (na nilitaka wageni waone vikigundua, nisijifanye mtakatifu).

Nikaanza na mguu uliokuwa karibu nami, wa kulia, nikiuhesabu kuwa mzima. Mara nikakutana na kitu kigumu, cha mviringo, mfano wa kiazi kilichofichwa chini ya ngozi. Jamani, nilishangaa! Nikakizunguka, nikakibonyeza, nikakisukuma juu na chini kuona kama kitahama. Hakikuhama. (Sasa najua ni msuli wa mtu anayekimbia maili kumi kila asubuhi, wala hauna neno.) Nikazama kwa viganja viwili hadi Kiprono akaguna, na nilivyosikia ule mguno nikasema kwa sauti, "Hapa ndipo penyewe!"

"Dada, huyo si ugali!" mmoja akapiga kelele dirishani.

Sikumjali. Nikachukua dawa ya kuchua, ile kali inayonuka hadi barabarani, nikaipaka mara tatu kwa sababu fundo lilikuwa kubwa, nikafunga kitambaa juu yake, nikaandika kwenye kadi: *Mguu wa kulia, fundo kubwa, maumivu makali.* Wageni wakapiga makofi.

Ndipo Sista akafika mezani. "Kiprono, ulikuwa umeumia mguu gani?"

"Wa kushoto, Sista," akajibu polepole. "Lakini na huu wa kulia sasa unauma."

Ukumbi mzima ulicheka. Madirishani wakaimba, "Bado mmoja, Dada! Bado mmoja!" Nami badala ya kunyamaza nikasema, "Alinionyesha huu!"

Kiprono akageuza shingo akanitazama, kisha akasema, "Labda nilikosea mimi, Sista." Kwao mwanamke aliyekushika akikutibu humwaibishi mbele ya watu. Sista akanihamisha kwenye mguu wa kushoto, nikaupapasa kwa adabu, akaniambia nirekebishe kadi. Sikuirekebisha. Kuifuta kungekuwa kukiri, na kukiri kungenipotezea cheti. Kiprono akapanda gari moshi la Nairobi, kadi ileile mfukoni.

Tangu hapo sijagusa mguu wa mtu kabla hajautaja kwa kinywa chake, na hata akiutaja namuuliza tena.

Ijumaa nilikuwa ofisini pamoja na wenzangu watano, Sista akitia sahihi vyeti, changu kikiwa cha mwisho chini ya mkono wake. Simu ikalia. Karani akasikiliza, akaniita. "Rebeka, ni Nairobi."

"Mama, mimi ni msimamizi wa timu," sauti ikasema. "Huyu kijana mguu wake wa kulia umevimba, mwekundu kama nyanya. Kadi yako inasema ameumia vibaya. Yeye anasema ni mzima, eti ni dawa tu. Nani anayempaka mtu dawa mguu mzima? Nataka kulikata jina lake."

Nikaitazama ile kalamu ya Sista. Ilikuwa imesimama.

"Usilikate, bwana," nikasema. "Mguu huo ni mzima. Kadi ndiyo inayosema uongo."

"Na dawa aliupaka nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kilichomo ndani."

Nikasikia akimwambia mtu pembeni, "Mwambie avae viatu, atakimbia kesho." Halafu akarudi kwangu. "Asante, Mama. Ila usinikande kamwe."

Nikaweka mkono wa simu mahali pake. Sista alikuwa amekwisha kufunika kalamu, na cheti changu hakikuwa na sahihi.