Kaye ya karani na njia ya Wamaza

Jamani, miye nakataa. Yaya Asumani, kaka yangu wa kazini, tumemzika jana hapa Kasongo, na leo nimekaa kazini nasikiliza kama pikipiki yake itafika.

Kwa ambao hamkumjua: tulikuwa wawili kwenye chumba cha karatasi za zamani. Kazi yetu ilikuwa kuchukua kaye moja nzee ya karani wa zamani, daftari la kuonyesha kila karto, yaani kila sanduku, iko na karatasi za kijiji gani, na kuiingiza yote kwenye ordinatere, hii kompyuta.

Mutu wa maswali, huyo! Ile kaye haikufuata alfabeti, haikufuata mwaka. Kila asubuhi: "Mwamini, huyu karani wa zamani aliwaza nini?" Namjibu, "Yaya, alishakufa, weye andika tu." Anaandika, halafu anauliza tena.

Tulipomaliza kuandika, mchwa nao wakamaliza kaye. Sitanii. Tukabaki na ile ya kwenye mashini peke yake.

Sasa nasema jambo ambalo sijamwambia mutu.

Siku moja hayupo, nikataka kumfurahisha. Nikapanga majina ya vijiji kwa alfabeti. Mashini ikaniuliza swali kwa Kifaransa, nikabonyeza "oui", yaani ndiyo, bila kusoma. Majina yakahama, namba za karto zikabaki pale pale. Kila kijiji kikapewa karto ya mwenzake! Na miye nikahifadhi, nikakopi hata kwenye flashi, juu ya ile kopi nzuri, kwa uangalifu mkubwa. Eti kazi nzuri.

Baada ya wiki, mama mmoja akaja kutoka Kabambare. Anatafuta jina la baba yake, apate ushahidi wa shamba lao. Tukamfungulia karto ya kijiji chake, hakumjua hata mutu mmoja wa mle ndani. Akarudi kwao mikono mitupu, na njia yenyewe ile mnaijua ilivyo mbaya.

Nikaelewa palepale. Yaya akaangalia skrini, akaniangalia miye. "Iko kitu kimetembea humu," akasema.

Nikajibu, "Labda ni virusi." Virusi! Mungu anisamehe.

Mnajua alifanya nini? Karatasi za ndani zilikuwa na majina ya watu, bila kijiji. Akaandika majina machache kutoka kila karto, akapanda pikipiki, akashika njia ya kwenda Wamaza, ambako vijiji vile viko, akawa anasimama kila kijiji kuuliza: hawa ni watu wenu?

Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, anacheka peke yake. "Mwamini! Karani alikuwa anatembea kwa muguu! Karto ya kwanza ni kijiji cha kwanza ukitoka hapa, ya pili ni kile kinachofuata. Kumbe kaye ni njia!"

Hata hapo hakutosheka. Kwa nini karto ya ishirini inaruka kijiji, halafu inayofuata inarudi nyuma? Akaenda tena, kwa swali hilo moja tu! Bibi mmoja akamwambia mto ukijaa pale hauvukiki, lazima uzunguke. Yaya akapiga meza: "Basi alipita wakati wa mvua!" Alifurahi kama amemuona huyo karani na viatu vyake vyenye matope.

Vijiji vyote vikarudi kwenye namba zao. Tukamtumia yule mama habari, akaja, tukamwonyesha jina la baba yake. Aliweka kidole juu yake.

Kwenye fishi zetu mpya, zile fomu za kila orodha kwenye mashini, iko nafasi ya mwisho: nani aligusa orodha, na alifanya nini. Hapo Yaya alikuwa mukali. "Mwenye kusoma kesho ajue mikono gani ilipita." Lakini ya orodha hii ya vijiji aliiacha wazi. Siku moja aliniuliza, taratibu, "Mwamini, hii tutaijaza lini?" Nikasema, "Tutaona, Yaya." Akaenda kuchemsha chai.

Halafu ikaja homa, siku tatu tu. Nilikuwa najiambia nitamwambia akipona.

Leo nimefungua mashini. Nafasi imejazwa. Ameandika: "Mpangilio uliharibika wakati wa kuingiza. Ulirudishwa kwa kufuata njia ya karani. Mikono: Asumani na Mwamini, kwa yote mawili."

Kwa yote mawili! Alijua. Tangu ile siku ya virusi alijua, na hakunitaja kwa mutu yeyote.

Yaya, usinikasirikie, ni weye uliyenifundisha. Nimesahihisha. Kuharibu: Mwamini peke yake. Kurudisha: Asumani peke yake.

Na umeniachia swali. Karani alipofika kijiji cha mwisho, alirudi nyumbani kwa njia gani? Mvua zikipungua nitaenda kuuliza.

Pumzika, kaka yangu, ulale salama. Karto zako ziko vile njia inavyokwenda, na hapa hakuna atakayebonyeza "oui" bila kusoma.